Mfuko Uliobaki Mgungani

Bir Swaana,
kwa mkono wa duka la Mzee Hajaji,
S.L.P. 19, Nuweiba,
Sinai Kusini.

Jumapili, 10 Machi 1996

Mpendwa mdogo wangu Swelim,

Shekhe Atwa alitamka jana baada ya sala ya alasiri, mbele ya wanaume kumi na wanane, kwamba mfuko wako ulioutungika mgungani katika korongo la Umm Sayala usiguswe na mtu yeyote, mimi nikiwemo, mpaka wewe mwenyewe useme neno. Nimetanguliza hilo ili usisome salamu huku ukitafuta habari mbaya chini yake. Hakuna aliyekufa. Sasa salamu.

Assalaam alaykum. Hujambo wewe? Mkeo Kirsten hajambo? Watoto wanaendeleaje, na kile kikohozi cha mdogo ulichokitaja katika barua yako ya mwisho kimekwisha? Barua hiyo ilitufikia miezi kumi na minne iliyopita, kwa hiyo natumaini kimekwisha. Sisi huku tu wazima. Mke wangu hajambo, dada yetu Mnifa hajambo. Mvua ilinyesha mara moja mwezi wa Desemba, majani yapo, na mbuzi wamezaa vizuri. Mtende ulioupanda kisimani umezaa kwa mwaka wa pili. Mama ni mzima, ila nyonga yake ya kulia inamsumbua, na habari ya nyonga hiyo imo ndani ya barua hii.

Nitakueleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea, nawe utapima.

Jumapili iliyopita, tarehe tatu, niliingia korongoni na wageni sita kutoka Kairo kwa safari ya siku tano. Zeidan, binamu yetu, alikuja na ngamia wanne na vyakula. Bado ni mtu wa utani, na bado anaamini kwamba ngamia wake wanamwelewa. Miongoni mwa wageni alikuwepo mwalimu mstaafu, Bi Nagwa, mwenye miaka sitini na minne. Alitembea vizuri kuliko vijana aliokuja nao, na hakuna jambo aliloliacha bila kuuliza sababu yake.

Siku ya pili asubuhi tulifika kwenye Upenyo, pale ambapo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kama ujuavyo, hapo ndipo tunapoachana na ngamia, kwa kuwa hawapiti. Sisi tunabeba chakula cha siku mbili mgongoni na kupenya kwa miguu. Mwenye ngamia anarudi kidogo, anapanda kwa njia ya juu, anapitia Bir Swaana, na kutungoja siku ya nne kwenye kisima cha upande wa pili. Wageni walikuwa wanafunga mizigo yao. Mimi na Zeidan tulikwenda mbele kutazama mchanga, kama desturi.

Kulikuwa na nyayo. Zilishuka kwa njia ya mbuzi, zikaingia Upenyoni, zikatoka, zikapanda tena kwa njia ile ile kuelekea nyumbani. Zilikuwa za jana yake, kwa maana mende watembeao usiku walikuwa wameshazikatiza mara moja. Mguu wa kulia uligeuzwa nje kwa pembe ile ya kwako, tangu ngamia alipokukanyaga ukiwa na miaka kumi na mmoja. Viatu vilikuwa katambuga, na kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na pengo ulilolikata wewe kwa kisu ili zisichanganywe na zangu.

Zeidan alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni Swelim," akasema. "Au ni shetani aliyemwibia mguu."

Nilimwonyesha kwamba uzito ulikuwa mdogo.

"Amekonda. Huko wanakula samaki wabichi, kaka, unategemea nini?"

Nikamwonyesha kwamba hatua zilikuwa fupi.

"Lami. Lami inamfupisha mtu."

Swelim, mimi ndiye ninayewafundisha vijana wetu kusoma nyayo. Nawaambia kila mara kwamba alama moja isiyolingana ni sawa na ushahidi wa kukanusha. Hapa zilikuwa mbili. Nilizikubali zote mbili kwa majibu ya Zeidan, kwa sababu nilizitaka. Nilisema kwa sauti kwamba umerudi, na wageni wote walisikia.

Bi Nagwa aliuliza ni nani aliyerudi. Nikamjibu ni mdogo wangu. Akauliza hatujaonana kwa muda gani, nikamwambia miaka minane na miezi mitano. Akauliza kwa nini basi nimesimama pale badala ya kupanda ile njia ya mbuzi. Nilimwambia ni kwa sababu wao ni sita nami ni mmoja, na mwenye kuongoza watu korongoni hawaachi hata kwa jambo lake mwenyewe. Alinitazama, kisha akasema kwamba ni jibu zuri lakini halikuonekana kunifurahisha. Alikuwa sahihi.

Zeidan aliondoka na ngamia kabla sijamaliza kumwagiza. Nilimwona akiwakimbiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya harusi yake.

Baada ya saa moja ya kutembea tulifika kwenye mgunga. Mfuko wako ulikuwepo, kwenye tawi lile lile la upande wa kaskazini. Kamba ilikuwa mpya. Pembeni palikuwa na kiraka kipya cha nguo nyekundu na nyeusi, kimeshonwa kwa mishono midogo iliyobana. Miaka yote hii nimekuwa nikipita chini ya mfuko huo nikiwasifia wageni uimara wa singa za mbuzi wetu. Siku hiyo nilikitazama kiraka nikajiambia kwamba Wadenmark wamekufundisha kushona. Mshono ule ule ulikuwa kwenye kola ya kanzu niliyoivaa.

Bi Nagwa aliuliza kuhusu mfuko, nami nikamweleza kama tunavyowaeleza wageni wote. Mtu wetu anayekwenda mbali na atakayerudi huutungika mzigo wake mtini na kwenda zake. Hakuna atakayeugusa, awe na njaa au asiwe nayo, awe rafiki au adui, iwe kwa siku tatu au kwa miaka. Lakini mzigo ukianguka chini, mwenyewe amepotea, na apitaye anaweza kuufungua. Aliuliza nani huhakikisha hauanguki. Nilimwambia Mungu na fundo zuri. Wageni walicheka, nami nilicheka pamoja nao.

Siku mbili zilizofuata niliwaongoza watu hao vizuri kwa miguu tu. Kichwa changu kilikuwa Bir Swaana. Nilipanga ni habari gani nitakupa kwanza na ipi nitaichelewesha. Nilikusudia kutokusema lolote kuhusu kaburi la Baba mpaka nikupeleke mwenyewe, na nilishachagua tupite upande gani ili usilione kabla hujawa tayari. Nilihesabu kwamba tukifika kisimani Jumatano saa sita, wewe ungekuwa umeshakaa nyumbani siku tatu, na huenda ungekuja na Zeidan kunipokea. Kwa hiyo nilikaza mwendo. Bi Nagwa aliniambia kwamba kiongozi anayewaza nyumbani hatofautiani na dereva anayesinzia. Nilipunguza mwendo kwa nusu saa hivi, kisha nikasahau.

Jumatano tulifika kisimani saa tano na nusu. Zeidan alikuwa peke yake. Alikuwa ametupa mgongo, anakoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Si yeye, kaka," alisema kabla sijamsalimu.

Nikamuuliza ni nani, basi.

"Kaa kwanza. Kunywa chai."

Nilikaa. Haya ndiyo aliyonieleza.

Jumatatu mchana, akiwa bado juu ya kilima, aliita kwamba nyayo za Swelim zimeonekana na zinaelekea nyumbani. Mnifa alipiga vigelegele. Nyumba ya Shekhe Atwa ilileta mbuzi dume. Wanawake wawili walianza kukanda unga wa mkate wa majivuni, na wanaume wakatandika mazulia. Vijana wawili walitumwa njia ya mbuzi kukutazama, wakihofia umeumia ukajikalisha mahali. Hema letu lilijaa wanawake kumi na mmoja, wote wakimpongeza Mama. Mama alikuwa amekaa katikati yao, kimya. Walidhani ni furaha iliyomfunga ulimi, wakawa wanamtania kwamba mwanawe amemletea ukimya wa Ulaya kama zawadi.

Alinyamaza mpaka kisu kilipoletwa. Hapo akasema, "Mwacheni mbuzi. Nyayo zile ni zangu."

Hawakumwamini. Shekhe Atwa aliitwa. Alimwomba kwa heshima, kama sheria ya wasoma nyayo inavyotaka, atembee kwenye mchanga mbele ya hema. Mama alizitoa katambuga zako chini ya matandiko yake, akazivaa, akatembea hatua kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi. Nyonga ilimgeuza mguu wa kulia nje, kwa pembe yako hasa. Wanaume wanaojua walisogea wakatazama. Baadaye Mnifa alitoka akazifuta zile nyayo kwa upindo wa nguo yake, na wanawake wakaenda makwao mmoja mmoja. Unga ulikuwa umeshakandwa, kwa hiyo mikate iliokwa.

Nilimuuliza Zeidan kama kuna aliyemlaumu. Akasema wote walimlaumu yeye, na walikuwa wananingoja mimi nipate fungu langu.

Alhamisi tulitoka korongoni. Nilipoagana na wageni, Bi Nagwa, ambaye alikuwa amesikia yote pale kisimani, aliniuliza nitamwambia nini mama yangu. Nilimwambia sijui. Alisema nisimwambie kitu, nimuulize.

Kwa hiyo nilimuuliza, nami nakuandikia alivyojibu.

Amekuwa akienda tangu mwaka wa pili wa kuondoka kwako. Huenda baada ya mvua, na baada ya upepo mkubwa wa majira ya kuchipua. Huchagua siku ambayo mimi nimekwenda Nuweiba kuwachukua wageni, na hutuambia anakwenda kuchuma majani ya dawa. Ameibadilisha kamba mara nne na kushona viraka vitatu. Hajaufungua mfuko hata mara moja. Anashona kwa nje tu. Alikuwa akikanyaga mawe na kukwepa mchanga, kama wanawake wa rika lake walivyojifunza siku za askari ili wasifuatwe, ndiyo maana hatukuona kitu. Safari hii nyonga ilikataa mawe. Katambuga zako alizivaa kwa sababu hazitelezi.

Nyonga aliiumiza mwezi wa Januari. Sisi alituambia ameteleza penye birika la mbuzi. Ukweli ni kwamba alianguka kwenye njia ya mbuzi, pale penye kamba ya kushukia, ambapo ukuta una kimo cha watu wawili. Alikaa chini pale tangu saa nne mpaka alasiri, kisha akarudi mwenyewe. Mwezi huu alikwenda tena. Ana miaka sabini na mitatu.

Nilimwambia basi, nitakwenda kesho niushushe mfuko niulete nyumbani, nimtungikie kwenye mlingoti wa hema, auone kila akifungua macho. Nilidhani nimepata suluhisho.

"Hapa nyumbani mmeshaacha kumwekea bilauri yake," akaniambia. "Siwalaumu, bilauri zina kazi. Lakini mtu mwenye mzigo mtini ametoka tu, anarudi. Ukiushusha, atakuwa amehama."

Jana nililipeleka jambo hili kwa Shekhe Atwa. Nilieleza kwamba Mama atakufa penye ile kamba, na kwamba mfuko wa singa hauna thamani ya mtu. Mnifa alisimama kwa niaba ya Mama, akasema machache: kwamba sheria ya mti haikuwekwa na kaka yake Auda. Baadhi ya wanaume walicheka. Nilistahili.

Shekhe alitoa maamuzi mawili. La kwanza nimeshakuandikia, na maneno yake yalikuwa haya: "Mzigo wa mtini hauna mrithi mwenyewe akiwa hai." Anayeweza kuushusha ni wewe, au mtu utakayemtaja kwa mkono wako mwenyewe, karatasi ikiwa na chapa ya ngamia wetu chini yake, na ikasomwa mbele ya mashahidi wawili. La pili ni kwamba Mama asipite tena njia ya mbuzi.

Mama aliulizwa kama anakubali. Alikubali la pili kwa sharti: apelekwe na msafara, apande ngamia mpaka Upenyoni, kisha apenye kwa miguu yake. Shekhe aliniuliza kama anaweza. Nilisema anaweza, akishikwa na watu wawili, na akipewa saa mbili mahali ambapo wengine wanatumia moja. Ameruhusiwa mara moja, kwenye safari inayofuata. Baada ya hapo, kama hakuna neno kutoka kwako, kikao kitakaa upya, na sijui kitaamua nini. Hiyo nyonga haitapona, Swelim. Mganga wa Nuweiba amesema wazi.

Sasa ninachokuomba. Kuna njia mbili, na zote mbili ni halali. Unaweza kuandika mistari miwili kwamba Auda aushushe mfuko, na uchore chapa chini. Barua huchukua wiki tatu kutufikia, kwa hiyo muda upo. Hakuna atakayekusema vibaya. Mtu ana haki ya kuhama, na mama ana haki ya kuambiwa ili akae chini apumzishe mguu. Au unaweza kuja.

Sitaandika ni ipi ninayoitaka. Nimeshakuonyesha jinsi ninavyosoma ninapotaka kitu sana.

Kilichomo mfukoni hatukijui. Zeidan anadai ni kinu chake cha kahawa alichokipoteza mwaka ulioondoka, na anasema ukiandika, ukiri. Kama nawe umesahau ulitia nini, usione haya. Ni muda mrefu.

Mambo mengine ni madogo. Barabara ya lami imefika penye jiwe alilokuwa akipumzikia Baba, karibu saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Mwanangu Selman ameoa. Nilikuandikia, lakini sina hakika barua ilifika. Zamu za safari nilizokushikia sijazihesabu. Jina lako bado lipo kwenye orodha ya viongozi, baada ya langu, na kila zamu yako ikifika naliita, kisha nakwenda mimi.

Nisalimie mkeo Kirsten, na uwabusu watoto wote wawili. Mnifa anakusalimu, amenitaka nikuambie kwamba vigelegele alivyopiga siku ile hajutii. Zeidan anakusalimu. Shekhe Atwa anakusalimu na anauliza afya yako. Mama anakusalimu. Alikuwepo nilipokuwa naandika, nikamsomea yote, na alinisahihisha mahali pamoja tu: kwenye ukuta alikaa mpaka adhuhuri, si mpaka alasiri. Mnifa anasema ilikuwa alasiri. Nimeliacha kama lilivyo.

Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe riziki isiyokuchosha, na awakuze wanao wajue ulikotoka.

Msafara unaofuata utaondoka kwenye mdomo wa Umm Sayala Jumamosi tarehe 4 Mei, wiki moja hivi baada ya Idi ya kuchinja. Mama atakuwa juu ya ngamia wa pili. Shekhe Atwa na Zeidan watakuwepo wakiwa mashahidi, kwa neno lolote litakalokuwa limefika. Tutafika mgungani Jumapili tarehe 5 Mei, kabla ya saa sita. Kwa kawaida tunapumzika hapo saa moja. Siku hiyo nimepanga tukae mpaka alasiri.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na kukutazamia,

Auda